Maji Yaje Kwanza kama Mvuke: Tuliyojifunza Kuhusu Tando za Chavua

Chavua nyingi zinazoandikwa "mfu" kwenye daftari la maabara hazikufa kwenye ua, wala hazikufa njiani. Zimekufa mezani, ndani ya dakika ya kwanza ya kutiwa kwenye tone la maji, mkononi mwa yule yule anayezipima. Wanaofanya kazi hii muda mrefu hufikia mahali pamoja: kabla ya kuilaumu chavua, uliza utando wake umenyweshwa maji kwa njia gani.

Chembe ya chavua ikitoka kwenye chavulio huwa imekauka. Kwa mimea mingi maji yaliyobaki ni kati ya asilimia 15 na 35 ya uzito wake. Utando wa seli, kama ilivyo kwa seli yoyote, ni tabaka mbili za fosfolipidi: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani, mikia ya mafuta imejificha katikati. Penye maji ya kutosha, vichwa huachana kidogo, mikia inacheza, na utando mzima ni kimiminika chembamba ambamo protini huelea. Maji yakiondoka, vichwa husogeleana, mikia hubanana na kunyooka, na utando hugeuka jeli. Joto la kuuyeyusha tena hupanda. Utando ambao ukiwa na maji ungebaki laini hata kwenye baridi kali, sasa umeganda kwenye joto la kawaida la chumba.

Kuganda kwenyewe si kifo. Balaa linakuja pale maji yanaporudi kwa pupa. Utando unaoyeyuka huku umezungukwa na maji hauyeyuki wote kwa mara moja. Vipande vingine vinakuwa laini na vingine bado ni jeli, na mpakani mwa vipande hivyo hakuna mshikamano. Hapo ndipo vitu vinapovujia: potasiamu kwanza, kisha sukari na asidi za amino, na utando ukiharibika zaidi, hata protini. Chembe inaweza kuvimba vizuri, ikawa na umbo la kupendeza chini ya hadubini, na bado ikawa imemwaga kila ilichokuwa nacho. Folkert Hoekstra wa Wageningen, Uholanzi, pamoja na John na Lois Crowe wa Davis, California, walilionyesha hili katika miaka ya 1980 kwa chavua ya Typha latifolia, mmea wa kandokando ya maji: chavua kavu ikitiwa kwenye maji baridi inavuja vibaya, lakini ikipashwa joto au ikipewa unyevu wa hewa kwanza, haivuji. Utando ukishayeyuka kabla ya kugusana na maji, hakuna mabadiliko yanayobaki kufanyika ndani ya maji, na pasipo mabadiliko hakuna tundu.

Kwa hiyo maji yaje kwanza kama mvuke. Njia ni rahisi. Chukua kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, tandaza karatasi ya kuchujia chini yake na uiloweshe mpaka iwe chepechepe bila kuacha dimbwi. Weka vijiti viwili vya kioo juu yake, na juu ya vijiti slaidi iliyonyunyiziwa chavua kwa safu nyembamba. Funika, acha kwenye nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Chavua iliyokusanywa siku hiyo inatosheka kwa dakika 30 hadi saa moja. Iliyotoka kwenye hifadhi ya baridi, hasa kama ilikaushwa sana, ipe saa mbili hadi nne.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, na ndiyo maana huharibika. Wengi humwaga chavua kilima. Safu ya juu inapata unyevu, ya ndani inabaki kavu, na matokeo yanakuwa mchanganyiko wa chembe nzima na zilizovuja ambao hauelezeki. Au matone yanajenga chini ya kifuniko na kuidondokea slaidi, kazi yote ikawa bure. Kichupa kilichotoka kwenye friji kikifunguliwa kabla hakijafikia joto la chumba, umande hutua ndani yake moja kwa moja juu ya chavua kavu na baridi, yaani masharti mabaya kuliko yote kwa wakati mmoja. Na kuna kosa linalojificha muda mrefu kuliko mengine: chavua imepewa unyevu vizuri, halafu inatiwa kwenye kimiminika cha kuoteshea kilichotoka kwenye friji dakika hiyo hiyo. Kimiminika nacho kikae mezani mpaka kiwe na joto la chumba.

Chavua inavumilia ukavu kwa sababu imejiandaa. Kabla ya kuachiliwa, saitoplazimu yake hujaza sukrosi nyingi, na maji yanapoondoka sukari hiyo hushika nafasi yake kati ya vichwa vya fosfolipidi, ikizuia tando zisiungane ovyo. Pamoja na protini, sukari hiyo hugeuka hali ya kioo inayotuliza kila kitu ndani. Lakini si chavua zote zina maandalizi haya. Ya mahindi na nyasi nyingine huachiliwa ikiwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Ukavu unaiua ndani ya saa chache, na kwenye hewa kavu yenye joto hata mapema zaidi. Kuiweka chavua ya mahindi juu ya jeli ya silika kwa nia njema ya kuihifadhi ni kuiangamiza. Hiyo ifunike, ipoze kidogo, itumie siku hiyo hiyo. Wapo wanaoamini kwamba chavua yenye seli tatu ndiyo dhaifu na yenye seli mbili ndiyo imara. Si kipimo cha kutegemewa: mimea ya jamii ya kabichi ina chavua ya seli tatu na inavumilia kukaushwa vizuri tu. Angalia maji inayoachiliwa nayo, usihesabu seli.

Uzee ni jambo jingine kabisa. Chavua ikikaa muda mrefu, hasa penye joto na unyevu, fosfolipidi zake hukatika. Asidi huru za mafuta na lisofosfolipidi hujikusanya ndani ya utando na kuulegeza. Utando wa namna hiyo huvuja hata ukipewa mvuke kwa utaratibu wote. Hapo pana njia nzuri ya kutofautisha. Gawa chavua mafungu mawili, moja lipite kwenye kisanduku cha unyevu na jingine liende kwenye kimiminika moja kwa moja. Fungu la unyevu likipona, tatizo lilikuwa unyweshaji. Yote mawili yakivuja sawa, utando umechakaa na hakuna dawa ya kuurudisha.

Kupima uzima wa utando kuna kipimo ambacho hatujaona cha kukipita kwa urahisi wake. Ni cha fluoreseini diasetati, ambacho John na Yolande Heslop-Harrison walikipendekeza mwaka 1970. Yeyusha miligramu 2 za dawa hiyo katika mililita 1 ya asetoni. Akiba hiyo inakaa gizani kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya kazi, tayarisha mililita chache za sukrosi ya asilimia 10 hadi 20 kulingana na mmea, kisha dondoshea akiba ile tone kwa tone mpaka maji yaanze kuwa na ukungu hafifu kama maziwa yaliyozimuliwa sana. Simama hapo. Tumia ndani ya nusu saa, kwa maana baada ya hapo dawa huanza kujikusanya kuwa vijiwe. Weka tone kwenye slaidi, tia chavua iliyokwisha kupata unyevu, funika, ngoja dakika 5 hadi 10, kisha tazama kwa mwanga wa buluu wa nanomita 490 hivi ukipokea kijani cha karibu 520.

Dawa yenyewe haina chaji na inapenda mafuta, kwa hiyo inapenya utando bila kuomba ruhusa. Ndani, vimeng'enya vya esterasi huikata, na kinachobaki ni fluoreseini, yenye chaji, inayong'aa, na ambayo utando mzima haiachii itoke kirahisi. Mng'ao kwa hiyo unathibitisha mambo mawili: vimeng'enya vinafanya kazi, na utando unashika. Chembe nzima ni mpira wa kijani uliojaa mpaka ukingoni, na ukingo wake ni mkali kama uliokatwa kwa wembe. Iliyovuja ni giza katikati, na pembeni pana pete hafifu ya manjano. Pete hiyo isikudanganye. Ni eksini, ganda la nje, ambalo hung'aa lenyewe bila dawa yoyote. Ndiyo sababu slaidi moja isiyo na dawa lazima iwepo kila siku ya kupima. Hesabu chembe 200 au 300 katika sehemu ulizochagua bila kuangalia kwanza, usiishie kwenye kona yenye zinazong'aa.

Ukichelewa kusoma slaidi, fluoreseini huanza kutoka hata kwenye chembe nzima, mandharinyuma yanakuwa kijani na tofauti inafifia. Kwa hiyo kipimo kina saa yake. Rangi zile zinazopaka saitoplazimu zina faida ya kuonyesha chembe zilizoundwa tupu, lakini chavua iliyouawa kwa joto jana bado itapakwa rangi vizuri leo. Zinajibu swali la kama kitu kimo ndani. Kama utando bado unakishika, hazijui.

Chavua yenye utando mzima si lazima iote, yaani itoe mrija wa kupeleka seli za kiume kwenye yai. Kwa kuotesha, mchanganyiko wa Brewbaker na Kwack wa mwaka 1963 bado ndio wa kuanzia. Kwa lita moja: miligramu 100 za asidi ya boriki, 300 za kalsiamu nitrati yenye maji manne, 200 za magnesiamu salfeti yenye maji saba, 100 za potasiamu nitrati, na sukrosi gramu 100. Kazi yao ilianzia kwenye fumbo: chembe chache kwenye tone kubwa hazioti, nyingi zikiwa pamoja zinaota. Walichokuta ni kalsiamu. Chembe zikiwa nyingi, zinachangia ile kidogo inayotoka kwenye kila moja. Zikiwa chache, inapotea kwenye maji. Ongeza kalsiamu na tofauti hupungua sana. Bado tunashauri kuweka wingi wa chembe uwe sawa kati ya sahani na sahani, kwa sababu kulinganisha tone lenye chembe 50 na lenye 2,000 ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Chembe zikipasuka, tazama zimepasukia wapi kabla ya kubadili chochote. Kupasuka kwenye tundu la kuotea, kabla hata mrija haujatokeza, mara nyingi kunasema sukari ni pungufu: maji yanaingia kwa osmosisi haraka kuliko ukuta unavyoweza kustahimili. Panda kwa hatua za asilimia 2 au 3. Mrija unaokua vizuri kisha ukapasuka nchani unasema habari nyingine, ya ukuta wa ncha: boroni, ambayo hufunga minyororo ya pektini pamoja, au kalsiamu, au pH isiyofaa. Yungiyungi, Lilium longiflorum, huoteshwa kwenye pH ya karibu 5.5, Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara, inataka karibu 7.5. Mtu akichukua mchanganyiko wa mmea mmoja akaupeleka kwa mwingine bila kugusa pH, atapoteza wiki nzima akiibadili sukari.

Ncha ya mrija ndipo utando wa chavua unapofanya kazi kwa nguvu zote. Mrija haurefuki kwa kunyooka kama mpira. Unaongezwa nchani tu. Vifuko kutoka Golji, sehemu ya seli inayofungasha vitu vya kupelekwa nje, vyenye upana wa nanomita mia moja na zaidi, vinabebwa na nyuzi za aktini kuelekea mbele, vinaungana na utando wa ncha, na kumwaga pektini ya kujengea ukuta. Kila kifuko kinacholeta pektini kinaleta pia kipande cha utando, na hapo hesabu inakataa: ili kupata ukuta wa kutosha, utando unaoletwa ni mwingi kuliko unaohitajika. Ziada yake hurudishwa ndani kwa utando kujikunja na kukata vifuko vipya. Kuzuia urejeshaji huo kunasimamisha mrija sawa na kuzuia upelekaji.

Rangi ya FM4-64 inakuonyesha mzunguko huu kwa macho yako. Inang'aa ikiwa ndani ya utando tu na haiwezi kuuvuka, hivyo chochote kinachong'aa ndani ya mrija kimeingizwa kwa kumezwa kutoka nje. Mikromola 2 hadi 5 inatosha. Sekunde za mwanzo ukingo tu ndio unang'aa. Baada ya dakika chache ncha inajaza umbo la koni iliyopinduliwa, mkia wake ukielekea nyuma, mahali vifuko vinaposongamana. Umbo hilo ni la mrija unaokua. Mrija uliosimama unasambaza rangi ovyo, na picha nyingi zinazodaiwa kuonyesha athari ya dawa fulani zinaonyesha mrija uliochoshwa na mwanga wa leza. Weka alama ya ncha, ngoja dakika moja, hakikisha imesogea, ndipo upige picha. Baada ya kupiga, hakikisha tena.

Utando wa mrija haufanani kila mahali. Nchani milango ya kalsiamu iko wazi, na kalsiamu huru hapo hufika mikromola 1 hadi 10, kisha ndani ya mikromita 20 tu nyuma inashuka hadi karibu 0.2. Protini ndogo za ROP hukaa kwenye utando wa ncha hiyo hiyo na kuamua vifuko vimiminike wapi. Pampu za protoni zimewekwa kando, ncha yenyewe haina. Ukiona ncha imevimba kama rungu badala ya kuwa kama kidole, mpangilio huu umepotea: vifuko bado vinaungana, lakini kila upande. Ukuta unaendelea kujengwa bila mwelekeo.

Neno moja kwa wanaotumia hadubini ya elektroni. Kiimarishi cha kawaida cha glutaraldehidi, kemikali ya kuituliza seli kama ilivyo kabla ya picha, kinatengenezwa kwa maji, kwa hiyo chavua kavu ikitiwa humo inakunywa kwanza na kuimarishwa baadaye. Kile unachokipiga picha si chavua kavu tena. Kwa chembe kavu tumia mvuke wa osmiamu au kugandisha kwa kasi na kubadilisha barafu kwa kiyeyushi kwenye baridi. Kwa mrija hai, kugandisha kwa kasi kunafaa pia, kwani kiimarishi cha kemikali ni cha polepole kwa ncha ambayo vifuko vyake havitulii.

Mpaka hapa tumezungumzia utando wa nje. Chavua ina mwingine, na huo ndio husahauliwa. Baada ya mgawanyiko usio sawa, seli ndogo, seli zazi, ambayo ndiyo hugawanyika kuwa seli mbili za kiume, hukaa ukutani, kisha hujitenga na ukuta na kumezwa mzima na seli kubwa ya mrija. Inakuwa seli ndani ya seli. Matokeo yake ni kwamba imezungukwa na tando mbili: wake mwenyewe, na mwingine uliotokana na utando wa seli kubwa, uliojikunja ndani. Utando huu wa pili ni utando wa seli ya mrija uliogeuzwa kichwa chini: upande ambao kwenye ukingo wa chavua unatazama ulimwengu, hapa unatazama seli za kiume. Nafasi iliyo kati ya tando hizo mbili ni nyembamba mno, na kila ujumbe unaotoka seli kubwa kwenda seli za kiume lazima uvuke zote mbili.

Umuhimu wake ulijitokeza kwenye mahindi. Mwaka 2017 makundi matatu ya watafiti yalitangaza karibu kwa wakati mmoja kwamba aina za mahindi zinazozalisha mbegu zenye nusu ya kromosomu zina kasoro katika jeni moja ya fosfolipasi, kimeng'enya cha kukata fosfolipidi, inayotumika kwenye chavua tu. Ilipata majina matatu: MATRILINEAL, NLD na ZmPLA1. Protini yake hukaa kwenye utando huo wa ndani, unaozifunika seli za kiume. Ikikosekana, chavua inasafiri, mrija unafika, lakini sehemu ya mbegu zinazaliwa na kromosomu za mama peke yake. Wazalishaji wa mbegu huitumia kasoro hiyo kupata mistari safi ya mahindi kwa vizazi vichache.

Seli za kiume zikishamwagwa karibu na yai, utando huo wa pili huondoka na seli zinabaki na utando wake tu. Yai hutoa protini ndogo za EC1, na kwa kuziitikia, seli za kiume husogeza HAP2, iitwayo pia GCS1, mpaka kwenye uso wa utando wake. HAP2 ndiyo inayounganisha tando mbili kuwa moja, na umbo lake linafanana na protini ambazo baadhi ya virusi hutumia kuingia kwenye seli. Mmea usio nayo ni mtihani kwa vipimo vyote tulivyoeleza. Chavua yake inang'aa kijani kwa fluoreseini. Inaota kwenye agarosi, jeli ya kuoteshea, mrija wake unarefuka, ncha yake ina koni ya vifuko, unaingia kwenye ovuli, sehemu ya ua inayobeba yai, na kupasuka mahali pake. Kisha seli mbili za kiume zinakaa pembeni mwa yai bila kuungana na chochote. Kwa hiyo ua likikosa mbegu ilhali chavua imefaulu kila kipimo cha utando wa nje, usirudie fluoreseini mara ya nne. Fungua ovuli saa 24 baada ya uchavushaji, paka rangi ya DNA, na uhesabu kama viini vya kiume bado viko viwili pembeni, au vimekwisha kuingia.